Pampu Iliyonyamazishwa

Pampu ya bafu ilikaa kwenye kabati la jikoni, chini ya sinki, imekazwa kwa skrubu nne kwenye ubao. Maji ya tangi yalishuka kwa uvivu, na kazi yake ilikuwa kuyasukuma mpaka yafike bafuni yakiwa na nguvu ya kumwosha mtu. Ukifungua maji, inanguruma. Ukifunga, inanyamaza. Haikuwa na siri, na ndiyo maana binti wa nyumba ile aliipenda.

Mama yake alikuwa na miaka sabini na tisa, fimbo, goti moja bovu na ukaidi mzimamzima. Alipohamia kwa bintiye alikubali kupikiwa, akakubali kupewa dawa, akakubali hata kukatwa kucha za miguu. Kuogeshwa alikataa.

"Nikiwa bafuni niko na Mungu wangu," alisema siku ya kwanza, akalivuta komeo. "Ulizaliwa ukanikuta na nguo, na sanda utanivisha mwenyewe. Hapo katikati hapakuhusu."

Basi binti akabuni lake. Mama akiingia kuoga, yeye alikwenda jikoni kusikiliza pampu, maana sauti ya bafuni kwenyewe haikufika huko. Dakika kumi na mbili za mngurumo, kimya, kisha fimbo ikigonga sakafu ya korido. Pampu ikipitiliza robo saa, alikwenda kubisha kwa kisingizio cha taulo. Mara moja mama alifungua komeo kwa shida apokee taulo, akarudi kukaa kwenye kigoda, kizunguzungu kimemshika, na maji yanamwagika bure. Miezi minane mambo yakaenda hivyo, na mama hakuambiwa neno. Mtu mzima akijua analindwa hujiona mfungwa, na huyu angeondoka siku hiyohiyo na begi lake moja.

Kisha pampu ikaanza vituko. Ilinguruma yenyewe bila mtu bafuni, sekunde tatu, ikanyamaza, ikarudia. Kila mara binti aliacha alichoshika akakimbilia korido, akamkuta mama sebuleni anasikiliza redio. Na maji yakifunguliwa kweli, kabati lilitetemeka mpaka vijiko vikagombana droo ya juu.

Mama naye alikuwa na lake. "Nikifungua maji tu, mtaa mzima unajua nimevua nguo," alisema. "Mwite fundi."

Akaja Fundi Taratibu, jina alilopewa na wateja waliochoka kumsubiri. Aliweka kiganja juu ya pampu kwanza, muda mrefu, kama anayepima homa.

"Inajiwasha kwa sababu kuna maji yanatoka mahali," alisema. "Haina akili hii. Ikihisi nguvu imepungua kwenye bomba, inadhani mtu anaoga."

Akaenda bafuni, akakuta bomba la bafu linadondosha, tone kwa tone, mpira wake wa ndani umekwisha. Akaubadilisha. Akarudi jikoni, akazima umeme, akafunga maji, akafungua chujio. Lilikuwa limejaa matope na vigaga vya chokaa. Akalisugua kwenye sinki kwa mswaki wa zamani.

"Ilikuwa inavuta maji kwa shida, ndiyo maana ilikoroma. Lakini hayo makelele mengine si ya pampu, ni ya ubao. Imekazwa moja kwa moja, ikitetemeka inatetemesha kabati lote. Naweza kuikalisha juu ya mipira, na hivi vipande vya bomba gumu niweke vya mpira. Au niiachie kasauti kake?"

"Nyamazisha kabisa, fundi," alisema mama. Alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo.

Fundi alimtazama binti, maana nyumba ilikuwa yake. "Na wewe dada, unasemaje?"

Maneno alikuwa nayo, yamefika kwenye ulimi. Lakini kuyasema kulitaka aseme na sababu, na mwenye sababu amesimama pale mlangoni anamtazama. Wahenga walionya kwamba mficha uchi hazai. Binti alikuwa akificha uchi wa mwenzake, na hasara ikawa ileile.

"Kama alivyosema mama," akajibu.

Kazi ilipokwisha fundi alifungua maji ya bafu akamwita binti asikilize. Alilazimika kuinama na kuingiza kichwa kabatini ndipo akasikia kitu, mvumo mdogo kama wa friji ya jirani.

"Humu jikoni hamtaisikia tena," fundi alisema, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Kuanzia kesho yake binti akawa anasimama korido, sikio karibu na mlango wa bafu. Siku nne hazikuwa na neno. Siku ya tano mlango ulifunguka kabla hajaondoka.

"Unanisikiliza nikioga?" mama aliuliza, taulo kifuani, maji yakimchuruzika.

"Hapana, mama. Nilikuwa napita."

"Mtu hapiti sikio likiwa mlangoni."

Hakupaza sauti. Alikwenda chumbani na siku hiyo akala hukohuko. Jioni alisema jambo moja tu. "Nikikukuta pale tena, narudi kwangu."

Binti aliumia, na kuumia kukamtia hasira. Akajibu vibaya, yeye ambaye hakuzoea. "Sitasimama tena. Oga utakavyo."

Asubuhi yake walisalimiana na kuishia hapo. Saa tatu mama akaingia bafuni. Binti alikaa jikoni akimenya viazi, na moyo wake ulikuwa mzito kwa yale ya jana. Alikuwa akitafuta namna ya kuomba radhi bila kueleza kila kitu. Na alipokuwa akitafuta, alisikiliza. Palikuwa kimya. Kwa miezi minane kimya cha jikoni kilikuwa na maana moja, kwamba maji hayajafunguliwa au yameshafungwa na mama yuko salama. Akili ilijua pampu imenyamazishwa. Sikio halikuwa na habari. Likamwambia bado hajaanza, atakuwa anavua nguo polepole, na goti lile. Akamenya viazi vyote, akaviosha, akavibandika motoni.

Alipotazama saa ilikuwa tatu na dakika arobaini. Akafungua kabati, akaweka kiganja juu ya pampu kama alivyoona kwa fundi. Ilikuwa ya moto, na ilikuwa inatetemeka.

Komeo lilivunjika alipolipiga bega mara ya tatu. Mama alikuwa amelala ubavu, mguu umegeukia upande usio wake, na maji yanampiga mgongoni. Ya moto yalikuwa yamekwisha zamani. Binti akayafunga, akamfunika kwa taulo, akamfunika na kwa mwili wake mwenyewe.

"Nilikuita," mama alisema, midomo haina rangi. "Nilikuita mpaka sauti ikakwisha. Nikasema, basi, bado amenuna."

Hospitali walisema nyonga imevunjika, na kwamba baridi imeingia kifuani. Baada ya wiki tatu walimrudisha nyumbani na kitanda chenye vyuma pembeni, na daktari akamwambia binti kando kwamba hatasimama tena.

Sasa anaogeshwa kitandani kwa beseni na kitambaa, asubuhi na jioni. Siku za mwanzo aligeuzia uso ukutani mpaka kazi ikaisha, na binti alimfuta mgongo akiwa amefumba macho, kwa heshima, ingawa hakuna aliyemwomba.

Siku moja mama akasema, bado akitazama ukuta, "Ile mashine. Ulikuwa unaisikiliza."

Kitambaa kikasimama. "Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja."

Maji ya beseni yalikuwa yanapoa. "Na fundi alipouliza, hukusema."

"Ningesema, ungekubali?"

Mama alifikiria. Hakuwa mtu wa kusema uongo ili kumfurahisha mtu, na hakuanza siku hiyo.

"Ningekataa," alisema. "Ningenuna siku mbili, nisile chakula chako. Halafu ningekubali."

Binti akachovya kitambaa, akakikamua, akaendelea na bega la pili.