Kadi Mbili, Mtoto Mmoja

Watu wa nyumba hii ukiwaambia mtoto hakai, wanakuuliza kwani wewe ulikaa lini. Mimi nitajuaje nilikaa lini? Ninachojua ni kwamba mapacha wa dada yangu wana miezi kumi, mmoja anajivuta kwa ukingo wa beseni mpaka anasimama, na mwenzake ukimwondolea mto mgongoni anaanguka ubavu.

Nilikuja kukaa kwa dada walipozaliwa. Yeye hushona mifuko kiwandani, anaondoka asubuhi na mapema na kurudi miguu imevimba. Mumewe ni fundi rangi. Mama yake shemeji, ambaye wote tunamwita Bibi, alihamia wiki ileile niliyohamia mimi, na tangu hapo tunagombania jiko.

Mapacha ni wasichana. Wa kwanza alitoka na kilo mbili na nusu, wa pili kilo moja na gramu mia sita. Nesi wa wodi alitueleza kwamba yule mdogo hakupata sehemu yake sawasawa tumboni, kwa hiyo miezi ya mwanzo tumwangalie kwa macho mawili: anyonye mara kwa mara, apimwe kila mwezi, aongeleshwe, achezeshwe. Katika yote hayo Bibi alishika lile la sehemu tu. Mkubwa akamwita Bonge, mdogo Punje, na kila mgeni alisimuliwa jinsi Bonge alivyomnyang'anya mwenzake chakula kabla hata hawajaona jua. Wageni walicheka. Mimi nilicheka mara ya kwanza.

Ninayeshinda nao ni mimi. Bonge akilia, analia mpaka umfuate. Punje analia kidogo, halafu ananyamaza mapema mno, kama mtu aliyeona haina haja. Nikigonga sufuria kwa kijiko, Bonge anageuka na kukitaka kijiko. Punje anageuka, anakitazama, mikono inabaki palepale. Niliwapima kwa uzi, utosini hadi kisiginoni, uzi wa Punje ukapungua kwa urefu wa kidole changu cha kati. Nikamwonyesha dada. Dada akazitoa kadi za kliniki, akazifungua mezani, akaniwekea kidole. Mstari wa Punje ulikuwa umepanda kwa kishindo alipofika miezi saba, ukaingia kwenye kijani cha watoto wenye uzito mzuri, na haujatoka tena. Sasa uzi wangu ubishane na kadi yenye muhuri?

Shemeji akasema baba yake alitembea akiwa na miaka miwili. Bibi akaongeza mjomba fulani aliyetembea na miaka mitatu, baadaye akawa mcheza mpira. Ndani ya wiki moja ukoo mzima ukawa umechelewa kutembea. Hata jirani yetu, ambaye si ndugu wa mtu yeyote humu ndani, akaleta binamu wake.

Lakini ni jirani huyohuyo aliyenidokeza jambo la maana, tena bila kujua. Alisema mtaalamu wa mazoezi ya watoto, anayewafundisha kukaa na kushika wale wanaochelewa, angekuja kliniki Jumanne iliyofuata. Huja mara moja kila miezi minne. Huwezi kujipeleka tu. Nesi wa mzani ndiye anayeandika orodha, na anaiandika kwa kutazama kadi. Mstari ukianguka, jina linaingia. Wa Punje haukuwa umeanguka. Akikosa Jumanne hiyo, angesubiri miezi minne mingine, avuke mwaka mmoja bado ameegemea mto.

Mimi sikuwahi kwenda nao kliniki. Kliniki ni Jumanne, na mtaani kwetu maji ya bomba hutoka Jumanne tu. Asipobaki mtu wa kujaza mapipa, nyumba inakauka wiki nzima. Aliyekuwa anakwenda ni Bibi, Bonge mgongoni, Punje kifuani, jirani akimsindikiza.

Basi Jumamosi nikambeba Punje mpaka kwa muuza nafaka, ambaye ana mzani wa kuning'inia wa kupimia maharage. Nilipomwomba anipimie mtoto akacheka, akaniuliza nataka kilo ngapi. Nikamvumilia. Tukamweka Punje ndani ya ndoo, tukatoa uzito wa ndoo. Kilo sita na nukta nne. Kadi ilisema nane na nusu. Nikamwambia mzani wake mbovu, na wateja wake wote wanasema hivyo. Akakasirika kwelikweli, akataka nimletee kitu ninachokijua uzito. Nikarudi nyumbani, nikamleta Bonge. Nane na nukta sita. Kadi ya Bonge ilisema nane na nusu.

Nikakaa juu ya gunia, nikafungua kadi zote mbili magotini. Niliishia darasa la saba, lakini namba nasoma. Miezi saba: Bonge saba na nukta sita, Punje saba na nukta sita. Miezi minane: saba na nukta tisa, saba na nukta tisa. Mwezi wa tisa namba zinalingana hivyohivyo, wa kumi hivyohivyo. Na hawa ni watoto ambao mmoja unaweza kumficha nyuma ya mwenzake.

Bibi nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza Punje alipimwa lini mara ya mwisho.

"Mwezi uliopita. Kadi si unayo mkononi?"

"Nauliza Punje mwenyewe, Bibi. Si kadi yake."

Akaendelea kuchambua. Akatupa kijiwe, akatupa kingine, mwishowe akawa anatupa mchele mzima.

"Alinisimamisha mbele ya benchi zima," akasema. "Nesi mtoto kama wewe. Ananiuliza huyu mnamlisha nini, upepo? Watu wakacheka. Mimi, niliyelea saba."

Mwezi uliofuata, akanieleza, Punje alikuwa amelala mapajani kwa jirani namba yake ilipoitwa. Bibi akaona asimwamshe. Akambadilisha Bonge kofia, akampandisha yeye mzanini mara ya pili. Kadi pale hupangwa kwa kufuatana, na yeye alikuwa ameziweka mbalimbali, watoto kumi katikati. Nesi, kwa ule umati, hakumtambua, akasifu tu jinsi mtoto alivyoinuka. Sindano walichomwa chumba kingine, na mtu mwingine.

"Hiyo ni mara ya kwanza," nikamwambia. "Na hizo tatu?"

"Hizo tatu nilikuwa nimeshasifiwa."

Akanionya kwamba nikimtaja kwa mwanawe atafunga virago, na kwamba Jumanne anakwenda yeye, mimi nina maji yangu. Jioni nikamweleza dada kila kitu. Nilidhani angesimama, angeshika kichwa, angefanya chochote. Alibaki ameloweka miguu kwenye beseni, akazifuata namba za kadi kwa kidole.

"Mpeleke," akasema. "Ila Bibi usimtaje. Wewe utaolewa uondoke, mimi ndiye nitabaki naye."

Nikaapa sitamtaja. Katika nyumba hii mtoto anaweza kukosa kukaa, lakini mkubwa asikose heshima.

Jumanne nikayaacha mapipa matupu, nikambeba Punje, nikatembea nyuma ya Bibi njia nzima bila yeye kugeuka. Tulipofika niliitanguliza kadi ya Punje, nikamvua nguo zote, kofia pia. Nesi akamning'iniza, akatazama mzani, akatazama kadi. Akaurudisha mshale kwenye sifuri, akapima tena. Sita na nukta nne.

Nilidhani hapo kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kwa hesabu ya nesi mtoto alikuwa amepoteza zaidi ya kilo mbili ndani ya mwezi mmoja. Uso ukambadilika. Akauliza nani anashinda naye. Nikasema ni mimi. Akauliza mama yuko wapi, tunampa nini, tumemfungia wapi. Kila nilipofungua mdomo nilikutana na kiapo changu. Akavuta karatasi ya ustawi wa jamii.

"Dada, sema sasa hivi. Huyu mtoto umemfanya nini?"

Punje alikuwa uchi mikononi mwangu, ananitazama kidevuni. Mimi nilikuwa namtazama Bibi, aliyeketi mwisho wa benchi na Bonge, macho sakafuni. Nikahesabu mpaka tano, nikaamua kuvunja kiapo. Kabla sijatamka neno, benchi likalia.

"Mwache binti wa watu," Bibi akasema, amesimama. "Hajapungua hata chembe. Tangu ana miezi saba hujampima. Ulikuwa unampima huyu wangu, na kofia nyekundu, halafu na kofia ya njano. Miezi minne! Macho yako yalikuwa wapi?"

Mtu nyuma akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Nilitaka kuzama ardhini. Hata kukiri kwake Bibi alikugeuza kuwa mashtaka. Lakini nesi hakubisha. Aliweka karatasi pembeni, akazikata zile namba nne kwa kalamu nyekundu, moja baada ya nyingine, na mwisho wa orodha ya mtaalamu akaongeza jina la Punje, lile halisi la kadini.

Mtaalamu alikuwa mwanamume mwenye mikono mipana na soksi zenye matundu, maana kwenye mkeka wake huingii na viatu. Alimlaza Punje, akamgeuza, akamshikisha kikombe cha plastiki. Akasikiliza habari zote, za tumboni mpaka za kofia. Nilingoja amkaripie Bibi. Nilikuwa na hamu ya hilo kuliko ninavyopenda kukubali.

Hakumkaripia. Alisema mtoto aliyepata kidogo tumboni, kisha akapata kidogo tena baada ya kuzaliwa, mwili na akili vyote vinachelewa, na miaka hii ya mwanzo ndiyo ya kumsaidia, kwa chakula na kwa kuchezewa. Ile miezi minne hakuna wa kuirudisha. Hawezi kutuahidi atamfikia mwenzake lini. Lakini shingo ina nguvu, macho yanafuata, na angetaka aonwe kila wiki mbili na mtaalamu mwenzake wa kituo kingine. Halafu akauliza nani atafanya mazoezi nyumbani.

Bibi akasema yeye. Mimi nikasema mimi. Mtaalamu akasema wote wawili, akamwonyesha Bibi kwanza.

Bibi akakunja miguu mkekani, akamketisha Punje mbele yake na kumshika kwapani, juu kabisa. Nikamwambia mikono inatakiwa kiunoni. Akasema anajua. Punje akaegemea kushoto, akaegemea kulia. Bibi akanieleza kwamba amelea saba. Nikapiga magoti nyuma yake, nikaishika ile mikono yake miwili, nikaishusha mpaka kiunoni kwa mtoto, nikaishikilia hapo.