Darubini Inayopindua

Mchuuzi wa Kilwa alinitandikia darubini mbili mkekani, moja ndefu, moja fupi, akaniambia nichague. Nichague nini, na mimi Swalehe sijawahi kushika hata moja? Tangu vita vya Maji Maji vianze, ngoma zilikatazwa Songea nzima. Bwana mkubwa wa boma la Wajerumani aliwaruhusu Waislamu jioni moja tu, ile ya kuandama mwezi wa Idd. Jioni nyingine yoyote, mpigaji ni risasi. Na mpigaji wetu ni Hamisi, mdogo wangu tumbo moja. Mtazamaji wa mwezi ni mimi; nikikosea jioni, ni roho yake.

Nikajaribu ile fupi. Watu wa sokoni walisimama vizuri, ila ukungu mtupu. Ile ndefu ilionyesha mpaka vifungo vya kanzu, lakini wote walikuwa kichwa chini, miguu juu.

"Hiyo ndiyo ya nyota," mchuuzi akasema.

"Kaka, chukua fupi," Hamisi akasema. "Hiyo nyingine siiamini."

Nikachukua ndefu, kwa ubishi wangu tu.

Siku ya kutazamia mwezi, jua lilitua na mawingu. Macho matupu hayakuona kitu. Ndani ya darubini kikang'aa kitu chembamba, pembe zimeelekea chini. Mwezi mchanga wa kwetu hulala chali, pembe juu. Nikavurugikiwa. Darubini inapindua, basi ndio wenyewe? Au ni ukingo wa wingu? Nikamgeuzia Hamisi darubini: naye kichwa chini, fimbo ya ngoma mkononi. Nikairudisha mbinguni, kile kitu bado kipo.

"Nauona," nikaropoka. Kabla sijasema ngoja kwanza, ngoma ikalia.

Askari akaja mbio kutoka bomani na bunduki. Nilimjua. Ndiye aliyechoma maghala yetu mwaka uliopita. Nikampa darubini tu.

Akatazama. "Umepinduka."

"Chombo ndicho kinapindua, bwana. Wallahi."

Akatazama tena, nami nikimwombea Hamisi kimoyomoyo. Mwishowe akaegemeza bunduki ukutani mwa nyumba yetu.

"Wenzangu wote wako vitani," akasema. "Mwezi mzima nimefuturu peke yangu." Akamwomba Hamisi fimbo, akaanza kupiga, na alipiga vizuri.

Mke wangu Mwanaheri akanivuta kando. Ndani tulikuwa na bakuli moja la uji. "Huyu naye tumpe?"

Nilimchukia mtu yule, na nilitamani kumshika mkono. Sikujua lipi ni lipi.

"Mpe," nikasema.