Risasi Ngumu ya Lyle Torvik

Ardis alipokufa, mumewe Lyle Torvik hakulia. Watu wa bonde walingoja alie kanisani, wakangoja alie makaburini, mwishowe wakachoka kungoja wakaanza kumletea chakula. Mabakuli ya viazi na jibini yakajaa kwenye jokofu. Alikula lolote lililotangulia mkononi, baridi vilevile, amesimama. Ukimuuliza hali alijibu, "Nipo," na kweli alikuwepo, kama kiti kinavyokuwepo.

Theluji ya Montana iliyeyuka, kiangazi kikapita, majani yakageuka manjano. Asubuhi moja shemeji yake Nedra, mdogo wa marehemu, aliingia jikoni bila kubisha hodi.

"Kibali kimetoka, shemeji. Kulungu wa milimani, mmoja, jike."

"Hongera."

"Hongera tu? Ningekwambia nyumba inaungua ungesema hongera hiyohiyo."

Lyle alimmiminia kahawa. Nedra akaionja, akakunja uso, akaendelea kuinywa.

"Nataka kwenda na bunduki ya dada," alisema.

Ile ilikuwa bunduki ndefu ya kizamani, ya kushindilia risasi moja moja. Ardis hakuwahi kuilisha risasi ya dukani. Alitengeneza zake gerejini, yeye na mumewe, tangu walipooana. Lakini kopo alimoziweka lilikuwa tupu; za mwisho alizimaliza mwenyewe kabla ugonjwa haujamlaza.

"Basi nitengenezee," Nedra alisema. "Wewe si ndiye ulikuwa fundi wake?"

"Mimi nilikuwa wa kumimina. Yeye ndiye aliyechagua."

Na kuchagua ndiko kulikokuwa kazi. Katika lugha yetu, madini na kile kitokacho mtutuni vyote tunaviita risasi, lakini risasi hazilingani. Ile safi, iliyotolewa kwenye mabomba ya zamani, ni laini hata ukucha unaacha alama. Ikimpiga mnyama hupanuka kama uyoga, naye huanguka upesi. Ile iliyotokana na herufi za chapa, waliyoipata gazeti la mjini lilipofungwa, ina antimoni nyingi, madini ya kuikaza. Ni ngumu. Inafaa kwa kulenga vibao vya chuma, ila kwa mnyama hupenya kama sindano kwenye kitambaa. Vile vipande vya kubalansi matairi viko katikati, na kimoja cha zinki kikijipenyeza humo, sufuria nzima inakuwa uji. Kwa ajili ya kuwinda, Ardis alichukua ile laini, akaongeza bati kidogo ili iteleze vizuri kwenye kalibu, kile chuma cha kuipa umbo. Miche yote, vile vipande virefu vya madini yaliyogandishwa, ilipangwa ukutani bila alama yoyote. Ardis aliugonga mche sakafuni, akainamisha kichwa, akasikiliza: mgumu hulia, laini hutoa sauti nzito.

Lyle alifungua milango ya gereji, akawasha jiko. Alianza na mche uliokuwa karibu na mkono. Ulikuwa laini. Alimimina kabla kalibu haijapata moto, na risasi zikatoka na mikunjo, kama vidole vilivyokaa majini. Dawa yake aliijua: kungoja, kutia bati, kujaribu tena. Alizitazama tu. Kisha akamwaga kila kitu pembeni, akavuta mche mwingine. Ulimponyoka ukaanguka kwenye saruji, ukalia kama kengele.

Alisimama akiusikiliza mlio mpaka ukaisha. Alijua maana yake. Lakini ndani yake hapakunyanyuka kitu cha kusema acha. Akauokota, akautia sufuriani.

Risasi zilitoka nzuri ajabu, kingo zake kali, zikimeta. Nedra alipozishika alipiga mluzi.

"Eh, shemeji! Hata dada hakuzing'arisha hivi."

Lyle alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena.

Siku ya kuwinda walipanda mlimani alfajiri, theluji ikifika vifundoni. Kulungu jike alitoka kwenye misonobari, mkubwa kama ng'ombe, akasimama akiwapa ubavu. Nedra alipiga magoti, akavuta pumzi, akafyatua. Yule mnyama alishtuka kidogo, kama aliyeumwa na nzi, kisha akatembea zake akaingia msituni.

"Nimemkosa?"

"Hujamkosa," Lyle alisema.

Pale mnyama aliposimama walikuta matone ya damu, machache. Wakaifuata. Mwanzoni Nedra aliongea: labda alitikisika, labda upepo, labda bunduki imezeeka. Baadaye akawa anatafuta matone tu. Damu ilikatika kwenye kijito, wakahangaika huku na huko mpaka wakaiona upande wa pili, tone moja juu ya jiwe. Kila walipokaribia walisikia matawi yakivunjika mbele yao. Mnyama ameinuka tena. Jua lilipita juu yao, likaanza kushuka, nao bado wanatembea.

Walimkuta amelala kwenye vichaka, kichwa juu, akiwatazama. Mvuke ulitoka puani mwake. Hakujaribu kusimama.

Nedra aliishindilia bunduki upya, akaiinua, akaishusha. Lyle aliichukua, akasogea karibu, akammaliza.

Ubavuni palikuwa na tundu dogo, na upande wa pili tundu lilelile dogo. Nedra aliingiza ncha ya kidole, akaitazama.

"Haikupanuka," alisema. "Imepita tu."

"Ilikuwa ya herufi. Ya gazeti."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Umejua sasa hivi, au ulijua kulekule gerejini?"

"Gerejini."

Nedra alivua kofia yake ya sufi, akampiga nayo kifuani, akampiga tena. "Kutwa nzima, Lyle! Kutwa nzima huyu mnyama anakufa anatembea! Dada angekuvunja kichwa na kalibu yake!"

"Angenivunja."

"Usinikubalie! Gombana na mimi basi!"

Hakugombana. Nedra aliketi kwenye theluji akalia, na kilio kilipoanza hakikuwa tena cha mnyama. Alimwita dada yake kwa jina la utotoni, jina ambalo Lyle hakuwahi kulisikia. Lyle aliweka kiganja kwenye shingo ya kulungu. Palikuwa na joto. Alijua ni joto. Zaidi ya hapo hakupata kitu. Akatoa kisu akaanza kazi, kwa sababu nyama haingoji, na baada ya muda Nedra akaja akamshikia mguu.

Siku nyingi zilipita Nedra hajakanyaga kwake. Kisha mchana mmoja alikuja moja kwa moja gerejini, akamwaga mezani zile risasi zing'aazo zilizobaki.

"Hizi zirudi sufuriani. Na miche yote tunaijaribu, mmoja mmoja, tunaipaka rangi. Nyekundu ngumu, nyeupe laini. Mimi lazima nijue kila mche ulivyo, na wewe huchagui tena peke yako."

"Sawa."

"Kwa nini, Lyle? Niambie tu."

Lyle alichukua mche, akaugeuza mikononi.

"Ule mche ulipolia," alisema, "nilingoja Ardis aseme kitu. Angesema, 'Siyo huo, weka chini.' Nilingoja. Hakusema."

Nedra akachukua mche uliofuata, akaugonga sakafuni. Ulitoa sauti nzito, fupi, kama kidole gumba cha mguu kikigonga mlango.

"Huu?"

Lyle aliukwaruza kwa ukucha. Alama ikabaki.

"Laini," alisema.

Nedra akachovya brashi kwenye rangi nyeupe. Nje theluji ilianza kuanguka upya. Walisukuma mlango ukafunguka zaidi ili moshi utoke, wakaendelea.