Mlango Aliofungiwa Kum Gvozden

Gari la kum Gvozden lilikuwa limeshapita mizani na linapinda kuelekea langoni, na kahawa aliyowekewa ilikuwa bado inatoa moshi juu ya kreti. Hakuaga. Alipandisha kioo, akawapita wakulima waliopanga foleni na matrekta yao ya rasiberi bila kumwinulia mkono hata mmoja, yeye ambaye siku nyingine humaliza robo saa kwa salamu tu kabla hajalifikia lango. Tajiri wetu Radisav alibaki katikati ya uwanja ameshika vikombe viwili vidogo vya rakija, pombe kali ya matunda, kimoja chake, kimoja cha mgeni, na hicho cha pili hakujua akiweke wapi.

Mimi nilikuwa juu ya mashine ya kunyanyulia mizigo, nimezima injini. Nimeona watu wakiondoka kwa hasira katika nchi nyingi. Lakini kum, msimamizi wako wa ndoa na baba wa ubatizo wa wanao, kuondoka bila kunywa, katika bonde lile la Moravica, ni sawa na kutema mate kizingitini.

Aliyemfanya aondoke hivyo alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, mikono kifuani, na hakuonyesha dalili ya kujuta. Huyo ni Rosanda Pejčić, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mkuu wa usalama wa mitandao. Cheo kilikuwa kirefu kuliko ofisi, maana ofisi ilikuwa stoo ya makreti ya zamani. Alikuwa nasi mwaka wa pili. Wajerumani wanaonunua rasiberi zetu zilizogandishwa walitaka jina la mtu anayejibu kompyuta zikivamiwa, Radisav akawapa jina. Hakutegemea kwamba jina lile litakuja na mtu.

Kila mwezi Rosanda alimpelekea ukurasa mmoja wenye hatari kumi za biashara, kubwa juu, ndogo chini. Radisav alikuwa akiusoma kuanzia chini, ili simu imwite kabla hajafika juu. Na juu kabisa, kwa miezi kumi na tisa, palikuwa na neno lile lile: mlango wa Gvozden.

Mlango wenyewe si wa mbao. Gvozden ndiye aliyetufungia kompresa za amonia tangu Radisav ana chumba kimoja cha baridi, na akajiwekea njia ya kuingia kwenye mitambo akiwa kwake, aone nyuzi za baridi, apandishe, ashushe. Sasa vyumba ni sita na njia ni ile ile. Neno la siri lilikuwa Ljubica na mwaka wake wa kuzaliwa. Ljubica ni binti wa Radisav, na Gvozden ndiye aliyemsimamia ubatizo. Nani hakulijua neno hilo? Siku ya ubatizo liliandikwa kwa krimu juu ya keki. Alilitumia Gvozden, alilitumia mkwewe, walilitumia mafundi wake wawili, wote kwa jina moja la Gvozden. Mkataba haukuwepo. Mtu aliyesimama nawe kanisani siku ya ndoa yako na kuwasimamia wanao ubatizo, ukimdai mkataba umemwita mwizi.

Siku mbili kabla ya asubuhi hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Petro, ambayo ndiyo sikukuu ya nyumba ya Gvozden, ya mtakatifu anayelinda ukoo wao. Huko hakualikwi mtu, kila mtu anakuja. Tulikwenda wote, Rosanda naye. Saa saba na dakika kumi mchana Gvozden na Radisav walikuwa wameushika mkate wa sikukuu, mmoja huku, mmoja kule, wanauzungusha, na padri anaimba katikati yao. Kesho yake Rosanda alipopitia kumbukumbu za mitambo, kama anavyofanya kila asubuhi, aliona kwamba saa saba na dakika kumi hiyo hiyo Gvozden aliingia kwenye mitambo ya vyumba vyetu, akazunguka dakika arobaini, akafungua hiki, akachungulia kile, akatoka bila kugusa kitu.

Mtu anayezunguka nyumba yako bila kuiba siku ya kwanza, anahesabu madirisha. Rosanda hakungoja. Aliufunga mlango ule hapo hapo, kisha ndipo akaenda kwa Radisav.

Radisav hakukasirishwa na mgeni asiyejulikana. Alikasirishwa na huko kufunga kwanza na kusema baadaye. Nasikia alimwambia angempigia kum kwanza, wangeelewana kiungwana. Rosanda akamjibu kwamba yule aliye ndani ya kompyuta ya kum angesikia uungwana wote huo na kuharakisha kazi yake. Wakaachana hivyo. Siku iliyofuata Gvozden alijaribu kuingia akiwa nyumbani, akashindwa, akaja mwenyewe, akaelezwa. Na sasa vumbi la gari lake lilikuwa linawatulia wakulima mabegani.

Radisav alikunywa vikombe vyote viwili, akavuka uwanja.

"Bi Rosanda," akasema, taratibu, kwa sababu kina mama wa kuchambua matunda walikuwa wamesimamisha mkanda wasikose neno. "Mpaka saa sita mlango wa kum uwe wazi. La sivyo, beba mkoba wako."

"Saa sita ni mbali, tajiri. Nipe dakika kumi nikuletee karatasi."

Mmoja wa kina mama akasema kwamba karatasi ndiyo rakija ya Rosanda, bila moja asubuhi mikono inamtetemeka. Wakacheka. Rosanda naye akacheka, akaenda kuandika.

Karatasi nimeiona kwa macho yangu. Ilikuwa na mistari minne. Mimi Radisav nimeelezwa kwamba mtu nisiyemjua ameingia kwenye mitambo ya vyumba vyangu kwa jina la Gvozden. Nimeelezwa kwamba anaweza kuzima baridi ya vyumba vyote sita. Naamuru mlango ufunguliwe. Hatari hii ni yangu.

"Unataka nisaini dhidi ya kum wangu," Radisav akasema.

"Humo kum hakutukanwa. Saini, nami nafungua kabla wino haujakauka."

"Nilikuajiri wewe ili mimi nisiyafikirie haya."

"Hapo ndipo ulipokosea," Rosanda akasema. "Mimi naweza kuiona hatari, kuipima, kukufungia milango. Kuwa mwenye mali siwezi. Rasiberi si zangu. Zikiyeyuka, wale wa kwenye matrekta hawatakuja kugonga kwangu, watakuja kwako. Ukiniamuru nifungue bila saini, sifungui. Ukinifukuza, ufunguo nakuachia mezani, mimi si mwizi. Lakini utaugeuza kwa mkono wako, watu wakiona."

Sijawahi kumsikia mtu akisema na Radisav hivyo. Mke wake hajasema naye hivyo.

Hapo akatokea Bibi Stojanka, mama yake Radisav, mwenye miaka themanini na minne na fimbo ambayo haitumii kutembelea. Alikuwa amesikia habari kabla gari la Gvozden halijafika barabara kuu. Akamwendea Rosanda.

"Wewe binti, kum si kifungo cha shati, kwamba leo unacho, kesho umekikata."

"Bibi, kum akija nyumbani kwako anaingia na ufunguo wake, au anabisha?"

Bibi akafikiri. "Anabisha," akasema. "Lakini hangoji kuitikiwa."

Hata Radisav alitaka kucheka, akajizuia. Akanigeukia mimi, akaniambia nilete gari, twende kwa Gvozden na huyu mwanamke akayaseme haya usoni kwake. Nadhani alitegemea Rosanda atanywea. Rosanda alitangulia kukaa ndani ya gari kabla sijalizungusha.

Karakana ya Gvozden iko karibu na daraja, na mlango wake mkubwa ulikuwa wazi. Alikuwa amevaa ovaroli, kompresa iliyofumuliwa iko mbele yake mezani. Hakutukaribisha kukaa. Mkwewe alianza kutafuta glasi, akatazamwa, akaacha.

Radisav aliiweka karatasi mezani, kati ya spana. Gvozden aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akasema hakuna mtu asiyejulikana, ni yeye mwenyewe aliyeingia siku ile, alisahau tu.

Rosanda hakupandisha sauti. "Kum Gvozden, saa saba na dakika kumi ulikuwa umeshika mkate."

"Basi ni mkwe wangu."

"Mkweo alikuwa ananimiminia divai."

"Basi vijana wa kazi."

Hapo nikaona siwezi kunyamaza, maana nilikuwepo. Nikasema vijana wake wote wawili walikuwa na mimi nyuma ya nyumba, tunageuza mwanakondoo juu ya moto, na mmoja wao aliniunguza kidole. Gvozden alinitazama kana kwamba nami nimemfungia mlango. Mle ndani hakuna aliyekuwa amebaki wa kusingiziwa.

"Kwa hiyo nyumba yangu ina mwizi," akasema mwishowe.

"Ina kompyuta moja yenye mwizi," Rosanda akamjibu. "Hiyo itasafishwa, nitakusaidia mwenyewe, leo, bure. Lakini una wateja wengine sita wenye vyumba vya baridi, na wote uliwawekea njia kama yetu. Wapigie sasa hivi, wafunge."

"Niwaambie nini? Kwamba Gvozden wa miaka thelathini kazini amevunjiwa kama banda la kuku?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo ulivyosema."

Uso wa Gvozden uliwiva. Nilimwonea huruma, sikatai. Alikuwa fundi wa kweli. Nimewahi kumwona akitambua ugonjwa wa kompresa kwa kuweka kiganja tu. Aliisukuma karatasi ikamfikia Radisav, akaweka kalamu juu yake.

"Radisav, saini hii, au kuanzia leo usiniite kum."

Radisav alishika kalamu. Mkono wake ule ule uliokuwa umeshika mkate juzi. Alisoma mstari wa mwisho, kisha macho yakapanda kwenye ule wa kwanza, nikajua sasa ameanza kusoma kutoka juu. Tani mia tisa zilikuwa vyumbani, na nusu yake ni ya wakulima ambao walikuwa bado hawajalipwa. Alimtazama Gvozden, akamtazama Rosanda kwa chuki ambayo sijaiona kwake tena, akairudisha kalamu mezani.

"Ukitaka kuingia, utapiga simu," akamwambia Gvozden. "Huyu atakufungulia, atakaa nawe mpaka umalize, kisha atafunga."

"Kama mfungwa anavyotembelewa."

"Kama mgeni anavyobisha."

Gvozden aliwasha msasa wa umeme na kuuweka juu ya kipande cha chuma ambacho hakikuwa na kosa lolote, cheche zikaruka mpaka miguuni kwetu. Kwa kelele ile hata kwaheri isingesikika. Tukatoka.

Tulipolifikia daraja, Radisav alisema, akitazama mbele, kwamba mlango utabaki kama ulivyo. Rosanda atakaa mpaka mavuno yaishe. Baada ya hapo aondoke, kwa sababu yeye hawezi tena kumtazama.

"Sawa," Rosanda akasema. "Mlango nani atashika?"

"Nitatafuta mtu."

"Tafuta asiye wa ukoo."

Radisav aliniamuru nisimamishe gari. Nilidhani anamshusha Rosanda. Alishuka mwenyewe, akatembea kilomita mbili zilizobaki kwa mguu, kwenye jua, na sisi tukamfuata polepole nyuma kwa sababu hatukujua la kufanya. Rosanda alishusha kioo mara moja, akamwambia kwamba akikanyagwa na trekta, hatari hiyo haimo kwenye orodha. Hakugeuka.

Wiki zile saba za mwisho Rosanda alifanya kazi kama mtu anayekaa miaka ishirini. Alibadilisha maneno ya siri yote. Alitufundisha sisi watu wa vyumbani kuendesha kompresa kwa mkono, valvu kwa valvu, kompyuta zote zikiwa zimezimwa, na alitulazimisha turudie mpaka tukamtukana. Wateja wa Gvozden aliwapigia yeye mwenyewe, wote sita. Wawili walimsikiliza. Watatu walimwambia kwamba wao na Gvozden wamekula chumvi pamoja. Mmoja alimwambia aende akapike.

Mnamo tarehe tano Agosti, asubuhi, ghala mbili chini ya bonde zilizimwa baridi na watu wasiojulikana waliopitia njia ya Gvozden. Moja ilipoteza tani mia mbili na kumi. Ya pili ilipoteza kila kitu, na mwenyewe aliuza majengo. Siku hiyo hiyo mtu alijaribu kuingia kwetu kwa jina la Gvozden mara kumi na nne. Hakuingia.

Rosanda aliondoka tarehe tatu Septemba. Radisav hakutoka ofisini kumuaga. Sasa ni mkuu wa usalama wa kiwanda cha maziwa huko Užice, na nasikia ana ofisi yenye dirisha. Radisav amemwajiri mwanamume kutoka Čačak, ambaye hucheka sana na hufunga milango. Gvozden alishitakiwa na wenye ghala wawili, akafunga karakana. Siku hizi hutengeneza friji za nyumbani. Yeye na Radisav wanasalimiana kanisani kwa kichwa, hawajakaa meza moja. Bibi Stojanka alifariki Februari. Ljubica aliolewa mwaka jana. Mimi niliacha kazi ile baada ya msimu mmoja mwingine, nikashuka kusini, mji wa Bar, bandarini, na huko ndiko niliko.