Manyoya ya Tajiri

…aitupe au asiitupe, chupa bado imejaa nusu, maji ya chai yanatokota na shangazi anaita kutoka sebuleni, "Wewe, umelala huko jikoni? Wageni wanangoja chai!", anakuja, binti anamjibu shangazi, anakuja, ila kwanza hii chupa, vidonge vya mafuta ya samaki na mwani, dawa ya asili kutoka baharini, inapunguza mafuta kwenye damu, ndivyo alivyosema muuza dawa, na daktari akasema mpe ukitaka, lakini vidonge vyangu asiache, na mama hakuacha, kila asubuhi kidonge cha daktari, kisha hiki laini cha manjano, "Umemeza, mama?", yeye binti yuko mlangoni, kiatu kimoja mguuni, "Nimemeza, mwanangu, nenda, utachelewa", na bado moyo ukasimama, palepale kwenye kile kiti, basi bahari nzima imefaa nini, uongo mtupu, watu wanauziana matumaini kwenye chupa… na huyu paka naye anataka nini, Tajiri, mama ndiye aliyempa jina, eti anakula na hafanyi kazi, karukia kiti cha mama, kiti ambacho tangu msiba hakuna aliyethubutu kukikalia, shuka, we paka, hashuki, anatazama chupa, ikitikisika kidogo anafungua mdomo na kulia, kama anayedai haki yake… na yale manyoya, jirani aliuliza, huyu mnamlisha nini, mbona anang'aa hivi, mama akacheka mpaka akashika mbavu, "Huyu anakula vizuri kuliko mimi"… Lo. Mama. Mama ambaye jirani akikaanga samaki alifunga madirisha yote, yeye binti yake alilijua hilo tangu utotoni, akalisahau, akaiweka chupa mezani kwa furaha kama zawadi ya harusi, na mama angesemaje sitaki, mbele ya furaha ile… kumbe aliyekuwa akivimeza ni Tajiri, dawa haikushindwa, haikujaribiwa hata siku moja, anaitafuta hasira aliyokuwa nayo, haipo, imebaki huruma tu na uchungu, angeniambia tu, jamani, mama, ungeniambia… maji yanatokota, "Chai!" anaita shangazi, yeye anajibu anakuja, anafungua kifuniko, Tajiri kinywa wazi tayari, anampa kimoja, "Umemeza?" anamuuliza, kwa sauti ileile ya mlangoni, na leo hana pa kuwahi, anasimama, anaangalia.