Shukrani Kwanza, Dawa Baadaye

Ofisi ya msaada ya Mheshimiwa Arcadio Villonco ilikuwa na sura ya Mheshimiwa ukutani, kwenye mlango, kwenye feni, na, ili watu wasije wakamsahau wakiwa na haraka zao, hata kwenye mlango wa choo. Herminia alifika alfajiri akakuta foleni imeshalizunguka jengo. Mkononi alikuwa na karatasi ya daktari, pamoja na hati ya mtaa inayothibitisha kwamba yeye ni fukara. Hati hiyo alihangaikia siku nzima, kwa sababu ufukara wa watu wa Santa Veronica hauaminiki mpaka upigwe muhuri.

Dawa zilikuwa za mumewe, Ponso. Ponso ni fundi wa mapaa na ana kifafa. Aliyempangia vitu hivyo viwili pamoja Mungu anamjua. Akimeza vidonge vyake anapiga kazi vizuri tu. Akivikosa anaanguka, na fundi wa mapaa akianguka si sawa na karani akianguka. Mara ya mwisho alivunjika mbavu. Vidonge vilivyobaki nyumbani vilikuwa vya kuhesabika, na duka la dawa halikopeshi hata ulie damu.

Basi kabla ya kutoka nyumbani Herminia alijikaza, akavaa fulana yake safi, ile isiyo na tundu. Hapo ndipo alipojiharibia. Kule kila mtu anavaa fulana za kampeni; zinagawiwa bure na zinadumu kuliko ahadi. Ila hii ya kwake ilikuwa ya rangi ya machungwa, na kifuani alikuwa anacheka Meya Magpantay, yule yule ambaye Mheshimiwa hataki hata kusikia jina lake.

"Wee mama, umerogwa?" mwanamke aliyekuwa nyuma yake alimnong'oneza. "Unakuja kuomba kwa huyu umembeba yule?"

"Jamani! Hata sikuangalia. Niliangalia matundu tu."

"Haya, wenyewe wameshakuangalia."

Kweli. Alipofika dirishani, Marivic, msichana wa pale, aliyekuwa ametoka kumhudumia mtu huku anacheka, alinuna ghafla.

"Mtandao umekata, mama."

"Mbona huyo wa mbele yangu umemwandika sasa hivi?"

"Umekata sasa hivi hivi."

"Mwanangu, mume wangu ana kifafa. Anapanda juu ya mapaa ya watu. Nisaidie."

Marivic akamtazama Meya pale kifuani, kisha akamtazama Herminia. Nadhani alimwonea huruma, ingawa katika ofisi ile huruma nayo ina utaratibu wake. Akafungua mlango wa stoo. Lo! Maboksi ya fulana yalikuwa yamepangwa mpaka darini: ndogo, kubwa, hata za vichanga, zote za kijani, zote na Mheshimiwa anatabasamu. Kidonge, hata cha kichwa, hakikuwepo.

"Badili hii, mama. Mtandao unaweza kurudi."

Herminia akabadili chooni, Mheshimiwa akimchungulia mlangoni. Na mtandao, miujiza ya Bwana, ukarudi.

"Sasa njoo tushukuru," Marivic alisema.

"Tushukuru nini? Dawa sijapata."

"Shukrani kwanza, dawa baadaye. Ndiyo utaratibu. Tunarusha moja kwa moja, mji mzima unaona."

Wakamsimamisha mbele ya pazia la kijani. Wakamshikisha mfuko mkubwa wenye sura ya Mheshimiwa, umetuna kweli kweli. Herminia akauminya kidogo: magazeti. Kijana mwenye simu akamwambia atabasamu, alie kidogo akiweza, watu wanapenda. Herminia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Lakini alimfikiria Ponso juu ya ngazi, akasema, "Asante sana Mheshimiwa kwa dawa za mume wangu. Mungu akuzidishie." Machozi yalimtoka yenyewe. Kijana akafurahi, akasema hiyo imekaa vizuri.

Kisha wakamnyang'anya mfuko, wakampa aliyemfuata.

"Na dawa?" Herminia aliuliza.

Marivic alikuwa anapanga karatasi. "Fungu la dawa limeisha, mama. Tumeshakuandika. Rudi mwezi ujao."

"Limeisha lini?"

"Wiki iliyopita. Ila fulana chukua tu, ni yako."

Yaani wakarimu hao, usipime. Herminia alitaka kumrushia ile fulana usoni, lakini ile nyingine ilikuwa imeshatupwa kwenye pipa, na mtu mzima hawezi kutembea kifua wazi barabarani. Akaondoka kwa miguu, amefura kwa hasira, njia nzima akimtukana Mheshimiwa, Meya, na yeyote aliyegundua fulana.

Ponso alikuwa mlangoni anamsubiri, meno yote nje.

"Mke wangu! Tumekuona kwenye simu ya dada yangu! Mtaa mzima umekuona. Ulivyolia, hata mimi nililia."

"Ponso, sikiliza..."

"Na ule mfuko! Lazima ni wa miezi mingi ule. Nikasema, sisi tumeshapata, tusiwe wachoyo. Si unamjua binti wa jirani Tinoy, yule mwenye kifafa kama mimi? Tangu Jumapili hana kidonge, jana ameanguka mara mbili. Nimempelekea vyetu vilivyobaki, vyote. Mama yake alinibusu mikono."

Herminia akashika mlango. Hasira yote ilimtoka, ikabaki hofu tupu. Hakuweza kumlaumu, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Amevimeza?"

"Kimoja, mbele yangu. Amelala kwa amani yule mtoto, ungemwona." Ponso akachungulia nyuma ya mkewe. "Mfuko umeuacha wapi?"

Herminia aliitazama ngazi iliyoegemezwa ukutani na vifaa ambavyo mumewe alikuwa ameshavipanga kwa kazi ya kesho.

"Ponso," alisema, "kesho usipande."

"Kwa nini? Si dawa zipo?"