Mkubwa, Mdogo na Alama Tisa

Katika ukumbi wa kusahihishia mitihani, swali la nne lilikuwa la meza yangu: linganisha sifa za uongozi za Mkubwa na Mdogo, ndugu wawili wanaogombea kiti cha baba yao katika ile tamthilia ya kale waliyosomeshwa watahiniwa mwaka mzima. Tulikuwa wasahihishaji sita, mimi kiongozi wao. Asubuhi ya kwanza nilitangaza kwa sauti ambayo hata meza ya pili waliisikia: kisichomo kwenye mwongozo wa usahihishaji hakipewi alama. Sitaki ujuaji.

Mwongozo ulisema Mkubwa ndiye kiongozi: jasiri, ana msimamo, akishasema amesema. Mdogo ni mnafiki na kigeugeu. Basi tukafyeka karatasi siku tatu, mkono mpaka unakufa ganzi, na chai yenyewe ya ukumbini maji matupu.

Siku ya nne shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, msahihishaji mzuri ila ana mdomo, alinisogezea karatasi moja.

"Shemeji, hebu soma hii."

Nikasoma. Mtahiniwa aliandika kwamba Mkubwa hakufaa kuongoza. Amri yake ya kuvuka mto ilikuwa ya makosa, askari walimwambia, mwenyewe alijua, na bado akawavusha kwa sababu alikuwa ameshatamka. Wakafa maji. Mdogo alikuwa mjanja mjanja, sawa, lakini alipoambiwa mto umefurika aligeuza jeshi, akachekwa, na watu wake wakarudi nyumbani. Alitaja mpaka onyesho lenyewe. Lo! Mtoto wa watu alikuwa ameielewa tamthilia kuliko sisi wenye mwongozo mkononi.

"Kwa mwongozo ni sifuri," nikasema.

"Najua. Angalia mbele."

Kwenye jalada, alama za maswali mengine zilikuwa zimeshajumlishwa: thelathini na moja. Kufaulu ni arobaini. Swali letu lina alama ishirini.

"Anahitaji tisa tu," shemeji akasema. "Na hapa ana kumi na tano za halali."

Haki nilikuwa naiona, sikuwa kipofu. Lakini nikimpa huyu, je, wangapi walisema hivyo hivyo tukawapiga sifuri? Ingebidi tufungue mafurushi yote, turudie kazi ya siku tatu, na mimi nisimame mbele ya meza yangu niseme nimekosea. Meza za jirani zingenicheka mpaka ukumbi ufungwe.

"Nilishasema," nikamwambia.

"Unaweza kusema tena."

"Shemeji, usinipande kichwani. Andika sifuri."

Akanitazama kidogo, akaandika. Nikatia saini pembeni, karatasi ikaenda kwenye furushi.

Alasiri msahihishaji mkuu alipitia meza zote, kisha akasimama katikati ya ukumbi. Wengine wanagawa alama ovyo, akasema, lakini meza ya swali la nne haijayumba hata mara moja.

"Huu ndio uongozi!"

Watu wakanipigia makofi. Nikainuka, nikatabasamu kama inavyotakiwa, na uso unanichoma kwa aibu. Shemeji naye alipiga, taratibu, akiniangalia machoni, na wenzake walipoacha yeye bado alikuwa anapiga.